Homa Inayopanda Basi

Idara ya Afya ya Wasafiri iliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba chanzo cha homa ya vipele kimepatikana. Ni basi.

Mkurugenzi alisoma tangazo mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote. Ushahidi ulikuwa peupe. Homa ilianzia nchi jirani. Abiria wa ndege walifika kwa saa moja, wakashuka wakicheka, ngozi laini. Abiria wa basi walifika baada ya siku kadhaa, wengine wamejaa vipele. Kwa hiyo kinacholeta homa ni mwendo wa polepole.

"Na wale wa ndege wanaoota vipele baadaye, wakiwa hotelini?" aliuliza mwandishi mmoja.

"Hao ni wagonjwa wa hoteli. Waulize watu wa utalii."

Amri ikatoka. Kila anayeshuka basi akae wiki mbili bandani, nyuma ya stendi. Dawa zote za homa zipelekwe huko, maana kwingine hakuna ugonjwa. Na madereva wakanyage mafuta, abiria wafike kabla hawajaugua.

Banda halijakaa sawa, mke wa Mkurugenzi akampigia mumewe simu ofisini.

"Baba watoto, umemfungia mama yangu?"

"Nani kamfungia? Kapumzishwa kitaalamu."

"Sikiliza. Mwanao anaolewa. Mama asipofika harusini, na mimi sifiki. Utamkabidhi bintiyo wewe na hilo tangazo lako."

Mkurugenzi alitokwa jasho. Binti ni huyo mmoja, na Waziri ameshaalikwa. Akaenda bandani mbio. Mama mkwe alikuwa nyuma ya uzio, anaanika nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nitoe."

"Mama, amri ni amri."

"Homa hii niliiugua nikiwa darasa la kwanza. Hainishiki tena. Kuna kipele hata kimoja unachokiona hapa?"

"Sioni. Ndiyo maana unachunguzwa."

"Aliyetunga hiyo amri alichunguzwa?"

Mkurugenzi aliahidi kulifanyia kazi, yaani hakufanya kitu. Akimtoa huyu, magazeti yatauliza. Akapiga hesabu, akaona wiki mbili zinaisha asubuhi ya harusi yenyewe. Akashusha pumzi.

Kutoka hapo alikwenda uwanja wa ndege kumpokea Waziri, aliyekuwa akirudi kutoka kongamano la magonjwa yanayosafiri. Waziri alishuka macho mekundu, akapiga chafya kiganjani, akampa kiganja.

"Vumbi la angani," alisema Waziri.

"Pole sana, mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, akamkumbatia mara mbili, ya pili kwa ajili ya kamera.

Asubuhi ya harusi Mkurugenzi alijitazama kwenye kioo. Vipele vilianzia shingoni vikaishia kwenye nyusi.

"Joto hili," alimwambia mkewe.

"Joto la kwenye nyusi? Toka humu kabla hujamgusa bibi harusi!"

Hospitali ilimjibu kwamba dawa zote ziko bandani. Huko alimkuta Waziri amekaa juu ya tairi bovu, bado dhaifu, uso umevimba, dawa za nyumbani zimeshindwa. Muuguzi wa langoni aliwahurumia kweli.

"Humu wanaingia walioshuka basi tu, wakubwa. Nyie mmekuja na nini?"

"Gari la serikali," alisema Waziri.

"Kama ni hivyo hamuumwi."

Mkurugenzi alitaka kubisha, lakini amri ilikuwa na sahihi yake. Ikabidi aombwe dereva wa basi lililokuwa likisubiri kuoshwa. Wakubwa wakapanda, basi likazunguka stendi mara moja, wakashuka wakishikiliana. Muuguzi akaandika wagonjwa wawili, wote wa basi. Idara haikuwahi kupata ushahidi safi namna hiyo.

Langoni wakapishana na mama mkwe, anatoka na mfuko wake, ngozi inang'aa.

"Mama," alisema Mkurugenzi, sauti imekwisha, "mwambie mwanangu..."

"Nitamwambia umepumzishwa kitaalamu."

Mama mkwe akaingia kwenye gari la serikali, akakaa kiti cha Waziri.

"Dereva," alisema, "shusha vioo vyote kwanza."