Kurejeshewa Pua Bila Ridhaa Yangu

Kwa Meneja wa Duka,
Ofisi ya chini, mlango wa pili baada ya vitoroli.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu, na nimeiandika mara tatu ili kupunguza hasira. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo barabara ya nyuma ya duka lako, chini ya ngazi za jengo la wanasheria, na wateja wananiita Soli. Nimeshona, nimegonga na nimebandika viatu vya watu kwa miaka thelathini na minane bila kumwandikia mtu yeyote malalamiko, hata jirani yangu fundi redio, aliyenipigia wimbo mmoja kwa miaka tisa akidai anajaribu spika. Kwa hiyo naomba uone uzito wa jambo hili.

Ninayemlalamikia ni mfanyakazi wako, yule binti wa upande wa mvinyo, mwenye miwani na aproni ya kijani. Naomba ahamishwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Aliniuliza swali.

Mke wangu ni muuguzi, na miezi miwili iliyopita alistaafu baada ya kupokea watoto wa mji huu hadi baadhi yao wakaja kujifungulia mikononi mwake. Tukapanga chakula cha mchana siku ya Jumapili: wauguzi wenzake sita, pamoja na kaka yake, yaani shemeji yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Profesa ingawa ni karani wa bima. Jumamosi mke wangu akanituma mvinyo mwekundu, chupa tatu.

Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nimekuwa nikichagua mvinyo kwa picha. Chupa yenye mnyama naichukua. Yenye jengo naiacha, kwa sababu sijawahi kuona jengo likamfurahisha mtu mwenye kiu. Utaratibu huu haukuwahi kumdhuru yeyote.

Nilikuwa nimekwisha kumkaba shingo chui mmoja mzuri tu, ndipo binti akanisogelea na kuniuliza, "Baba, kesho mtakula nini?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba jiko langu halimhusu. Hakukasirika, na hilo nalo linaudhi. Akaeleza kwamba nyama ya mafuta inataka mvinyo wa kupambana nayo, kuku anataka mwepesi wa kumsindikiza, na chui wangu angemmeza kuku mzima mzima. Nikajikuta nimeshika chupa mkono huu na chupa mkono huu, nasoma maandishi ya nyuma bila miwani, na nina furaha. Nusu saa ikapita. Kibanda changu kilikuwa wazi, na mtu aliketi pale na kiatu kimoja akinisubiri.

2. Alinivurugia lugha.

Aliniambia mvinyo fulani ni mkavu. Nikaitikisa chupa, ikacheza maji. Nikamwonyesha. Akasema mkavu maana yake hauna sukari. Basi mngesema hauna sukari, Ndugu Meneja, sote tukaelewana.

Halafu kuna Kaberne na Merlo. Miaka yote nilidhani hao ni wenye viwanda, pengine ndugu wawili waliogombana wakagawana mashamba, na mimi kwa huruma nilikuwa nikibadilisha, mwezi huu namuunga mkono huyu, mwezi ujao yule. Kumbe ni zabibu. Huruma yangu yote ilikwenda kwa matunda.

3. Aliniingilia katika ufundi wangu.

Alinionjesha kidogo kwenye kile kigilasi. Ulimi ukanikauka, fizi zikanivutika kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikamwambia huu umeharibika. Akasema hapana, huo ni ukakasi, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, wakati mwingine kwenye mbao za pipa, na ndio unaoupa mvinyo mwekundu uti wa mgongo. Akaongeza, kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa, kwamba kitu hichohicho kimo kwenye magome ya miti.

Nikaweka glasi chini. Mimi nilijifunza kazi kwa mzee aliyetengeneza ngozi mwenyewe uani kwake. Alikuwa analoweka ngozi mbichi katika maji ya magome kwa miezi, mpaka inakaza na haiozi tena. Mkono ukiuchovya humo unatoka umekunjamana na mkavu, kama ulimi wangu ulivyokuwa muda ule. Nikamsimulia binti. Akaniambia ni jambo lilelile: kinachoifanya ngozi idumu ndicho kinachoufanya mvinyo udumu, na vyote viwili vikikaa vizuri hulainika kwa miaka.

Yaani kama kiatu. Kipya kinabana, kinakupiga malengelenge, unakilaani; ukikivumilia kinakuwa mguu wako. Nilikuwa nimekwisha kuuelewa mvinyo mwekundu kabla sijapata nafasi ya kujitetea.

4. Alinirejeshea pua.

Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Gundi ya viatu iliniua pua zamani. Nyumbani wanajua, nimewahi kusoma gazeti ukurasa hadi ukurasa huku sufuria ikiungua mita moja kutoka nilipo. Mwaka jana daktari aliniamuru nibadilishe gundi, nikatumia isiyo kali, lakini pua sikuidai tena. Mtu akikaa muda mrefu na chumba kilichofungwa, anasahau kama kilikuwa na ufunguo.

Binti akaniambia niinamie glasi. Nikamweleza kwamba mimi sina pua, hii ni ya kushikilia miwani. Akasema, "Usitafute kitu, baba. Kaa hapo tu, kitakuja chenyewe." Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Jumamosi iliyofuata nikarudi, kwa ajili ya kulalamika tu, na Jumamosi iliyofuata hiyo. Mara ya nne ikaja. Ilikuwa ngozi. Sisemi hii ngozi ya mifuko ya dukani. Ilikuwa ngozi mbichi ya uani kwa yule mzee, imelowa, ina magome, na mvua imetoka kunyesha.

Macho yakaniwasha. Nilimwambia binti ni vumbi la rafu zenu, na ninaliingiza hapa kama lalamiko dogo: pangusa rafu.

5. Kazi yangu imeharibika.

Sasa fikiri mwenyewe. Fundi viatu mwenye pua! Kwa miaka thelathini na minane nimeingiza mkono ndani ya viatu vya watu nikiimba. Nilidhani naipenda kazi. Kumbe nilikuwa sijui.

Siku hizi kiatu kikifika mezani najua mwenyewe aliwahi au alichelewa, alikimbia au alitembea, na soksi ilibadilishwa lini. Wakili wa ghorofa ya tatu aliniletea viatu vyake vyeusi wiki iliyopita. Nikavinusa kama nilivyofundishwa, bila kutafuta kitu, nikamwambia kwa heshima kwamba vina mwanzo wa uyoga na mwisho mrefu sana. Amehamia kwa fundi mwingine. Mwalimu mmoja wa kike, kwa upande wake, analeta viatu na kuniomba nimweleze. Sitaki kuwa mtu wa kueleza viatu. Nataka kugonga visigino.

6. Profesa.

Shemeji yangu ndiye amekuwa mkuu wa mvinyo katika ukoo tangu aliposafiri kikazi siku nne. Kwenye kila shughuli yeye ndiye anayefungua, anazungusha glasi, anafumba macho, na kusema, "Huu una mwili." Hakuna aliyewahi kuuliza mwili wa nani.

Kwa sababu chakula kile cha kustaafu kiliahirishwa mara mbili, mke wangu akiwa bado anaombwa arudi wodini kusaidia, kilipofika mimi nilikuwa nimekwisha kupita mikononi mwa binti huyo Jumamosi tano. Nilifungua chupa zangu saa nzima kabla ya wageni, ili zipate hewa. Profesa alileta yake, iliyokaa juu ya friji lake miaka sita ikiwa imesimama, kwa heshima. Akaimimina, akazungusha, akatangaza kwamba anasikia vanila, msitu na hekima. Mimi nikainamia. Mdomo ukanitoka kabla sijaushika: nikasema kizibo kimekauka na joto la friji limeipika, hii sasa ni siki, ingefaa kachumbari.

Muuguzi mmoja akaonja, akasema ni siki kweli. Wenzake wakaonja, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Profesa alikunywa glasi yake yote mpaka mwisho, akitutazama, na hajaja kwetu tangu siku hiyo.

Hili silalamiki sana. Nimeliweka ili orodha iwe kamili.

7. Mke wangu.

Wageni walipoondoka, mke wangu alikuwa anaosha glasi. Nikapita nyuma yake kuchukua kitambaa, nikasimama. Nikamwambia ananukia vizuri, nikauliza kama wauguzi wamemletea mafuta mapya kwa zawadi.

Akafunga bomba. Hakugeuka. Akasema, "Ni mafuta yaleyale. Ninayapaka tangu mwaka tuliooana."

Akaendelea, polepole, kwamba mwanzoni aliyanunua kwa ajili yangu, na kwa kuwa sikuwahi kusema chochote alidhani siyapendi, akaendelea nayo kwa mazoea tu. Miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba hajipaki kitu. Aliniuliza yananukiaje. Nikainama karibu na shingo yake, sikutafuta kitu, nikamweleza nilichokipata, na hicho sikiandiki kwenye barua ya kiofisi.

Sasa nauliza, Ndugu Meneja, tena kwa utulivu: miaka hiyo nitaidai kwa nani? Kama duka lako lilikuwa na uwezo wa kunipa pua, kwa nini lilisubiri mpaka ndevu zikawa nyeupe? Na kama halikuwa na nia ya kunilipa yote, lilinionjesha kwa nini?

Tangu hapo mambo yamezidi kuharibika. Kila Jumamosi nafunga kibanda saa sita, mke wangu anavaa vizuri, tunakuja kwako. Tunasimama mbele ya rafu kama watu waliokuja kutazama nyumba ya kununua. Yeye anashika chupa, mimi nashika nyingine, tunabishana. Mimi naona ngozi, yeye anaona matunda meusi. Binti anatupa haki wote wawili, jambo ambalo si uamuzi. Tunarudi kwa miguu tukiendelea kubishana hadi mlangoni. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa na amani. Tulikuwa tumemaliza maneno yote miaka mingi iliyopita, tunakaa kila mtu na kiti chake, kimya kama samani. Sasa ananipigia simu kibandani saa nne asubuhi kuniuliza kama nakumbuka ule wa wiki iliyopita.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Binti ahamishwe mara moja. Pale kwenye rafu pawekwe tangazo linalowaonya wateja kwamba mvinyo mwekundu unaeleweka, ili anayetaka kubaki na chui wake abaki naye kwa usalama. Meza ya kuonjea iondolewe. Na mimi nipewe maandishi yenye mhuri yanayothibitisha kwamba nilikuja kununua chupa tatu tu.

Nisalimie akina dada wa kwenye malipo, hasa yule anayeniita bosi. Mlinzi wa mlangoni, mwambie buti lake la kushoto liko tayari. Na watu wa nyumbani kwako, wazima na wagonjwa. Mke wangu pia anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia.

Ni mimi, mteja wako niliyeonewa kwa upole mkubwa,
Soli, fundi viatu, chini ya ngazi.

Tanbihi. Nimeileta barua hii kwa mkono asubuhi ya leo pamoja na buti la mlinzi. Nilipopita upande wa mvinyo sikumwona binti, meza imesukumwa ukutani, na mahali pake amesimama kijana anayetafuna bablishi, aliyeniambia kwamba nyekundu zote ni sawa. Mlinzi akaniambia binti amehamishiwa kwenye sabuni za unga tangu jana, kwa sababu kuna mteja mwingine aliyeandika barua ya kumlalamikia.

Ndugu Meneja, ni watu wa namna gani hao wanaoketi chini, wazima wa akili, na kumwandikia meneja barua kumharibia kazi mtoto wa mwenzao? Hawana shughuli? Nakuomba uchukue yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la saba, uyasome kama sifa, maana ukitazama vizuri utaona ndivyo yalivyo. Neno "ahamishwe" lisomwe "arudishwe". Kalamu iliteleza, mara mbili. Nimekwenda kule kwenye sabuni. Alikuwa amechuchumaa anapanga pakiti, akanisalimia kama kawaida, akaniuliza mama hajambo. Nikamjibu hajambo, anakuja saa sita. Mimi nimeketi hapa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Kibanda nimekifunga. Sitaondoka mpaka umalize kusoma.