Hekalu Bila Mtu Hata Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Kazi ya maana imeingia studio, ya kwanza tangu watu waanze kujipiga picha kwa simu. Mama Katibu wa kamati ya hekalu la Kihindu, lile la ufukweni lenye minara ya rangi, amekuja mwenyewe. Wamejenga ukumbi. Ukuta wa mbele unataka picha moja ya hekalu, upana wa mita tatu, na jina la mpiga picha chini yake. Itakaa pale miaka na miaka. Nimeliona jina langu waziwazi, mpaka aina ya herufi.

Bahati mbaya shemeji alikuwepo, ameegemea kaunta, anachaji simu kwa umeme wangu. Ni mdogo wake mke wangu. Hana kazi maalumu na kila mtu anampenda. Mama Katibu akamwambia naye alete picha akipenda, kamati itachagua Jumapili. Akajibu atajaribu akipata nafasi. Nafasi anayo tangu azaliwe.

Picha yangu nimeshaiona kichwani. Hekalu, ngazi zake, bahari kwa nyuma. Basi. Hakuna kofia ya mtalii hata moja.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: kufika alfajiri, watalii wakiwa bado wanakoroma. Nimekuta watalii arobaini. Kumbe kila mmoja aliamka mapema ili awakwepe wenzake. Walikuwa wanatazamana kwa chuki. Mwanamke mwenye kofia pana akaniomba kwa upole nisogee, namharibia picha. Nikasogea. Mwingine naye akaniomba. Nimesogea mpaka nikajikuta kwenye maegesho ya mabasi.

Mke wangu akauliza nimepata nini. Nimemwambia leo nilikuwa nachunguza mwanga.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wenye akili zaidi. Nimeandika ubao kwa rangi nyekundu: NJIA IMEFUNGWA. MATENGENEZO. Chini nikachora mtu na sepetu, ili hata mgeni aelewe. Nikausimika kwenye njia ya kuingilia langoni, nikajibanza nyuma ya kibanda cha kuwekea viatu.

Umefanya kazi vizuri mno. Watalii walifika, wakasoma, wakaguna, wakageuka. Ngazi zikabaki tupu. Nilikuwa nafungua mkoba wa kamera gari la manispaa liliposimama.

Nyapara akashuka, akausoma ubao mara mbili, akawageukia vibarua wake. Akawauliza inakuwaje matengenezo yametangazwa na wao wamekaa kwenye gari. Nilitaka kutoka niseme ukweli. Nikazidi kujibanza. Kufikia saa nne walikuwa wamechimba mtaro mpana mbele ya lango, na kifusi kimenizibia hekalu mpaka madirishani. Kisha wakaondoka kwenda kuuliza ofisini ni bomba gani wanatakiwa kulitengeneza.

Hawajarudi.

Alhamisi, 7 Machi
Hawajarudi. Waumini wanafika mtaroni na kukwama. Bibi mmoja, wa miaka themanini na ushee, alisimama ukingoni na sinia lake la maua. Akatazama ng'ambo, akageuka na sinia lake.

Nimekwenda manispaa kuripoti mtaro ule, kama raia mwema. Karani akafungua daftari, akauliza matengenezo hayo yaliombwa na nani. Nikakumbuka nina haraka.

Mke wangu anautafuta ubao wa matangazo wa studio. Nimemsaidia kuutafuta.

Ijumaa, 8 Machi
Huruma ni huruma, na kazi ni kazi. Leo nimelizunguka hekalu kwa upande wa bahari, maji yakiwa yamekupwa, na ngazi ya kupandia begani. Nikaisimika mchangani, nikapanda. Kutoka pale unaona mnara mmoja na mawingu, tena bila mtu. Nimepiga picha moja.

Kumbe watalii, kwa kuzuiwa na mtaro, nao wamegundua njia ya ufukweni. Walitokea wamekunja suruali, wakaiona ngazi, wakadhani ni sehemu ya ziara. Wakapanga foleni. Mzee mmoja nyuma yangu akaniambia kila mtu ana dakika mbili na mimi nimezidisha. Nikashuka, nikasubiri ngazi yangu. Mpaka watu wote wakapanda na kushuka, maji yalikuwa yamenifika kiunoni.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji ameleta mbao tatu na kuzilaza juu ya mtaro. Hakuna aliyemwomba. Leo waumini walivuka, na watalii wakapanga mstari kuwashika mikono na kupokezana masinia ya maua. Kofia kila mahali. Nilitafuta upenyo wa kupiga picha, nikakosa.

Yule bibi wa Alhamisi akaja. Mbao zilimtisha. Akanipima juu mpaka chini.

"Mwanangu, mgongo wako ni mzima?"

Nikainama. Nilimbeba. Ni mzito kuliko anavyoonekana, na alinishika sikio njia nzima kama usukani. Shemeji alikuwa ng'ambo na simu yake.

Jumapili, 10 Machi
Kamati imekaa. Yangu ilitazamwa kwanza. Kuhani akasema ni safi sana. Kisha wakaonyeshwa ya shemeji: mbao, masinia, mikono, na katikati bibi amenikalia mgongoni anacheka, mimi nimekunja uso. Ukumbi mzima ukacheka naye. Nikasimama kueleza kuwa hekalu lenyewe halionekani vizuri. Mama Katibu akajibu, "Si ndio sisi hao, baba?" Wakapiga kura. Sitaki kuandika idadi.

Kuhani akanivuta pembeni. Aliniona Jumatano nikisimika ubao, akiwa kwenye dirisha la hekalu. Hajamwambia mtu. Anaomba tu nifukie mtaro. Akaongeza kwamba kila siku adhuhuri wanafunga lango kwa saa mbili nzima, hakuna mtu, na ningemwomba angenifungulia. Nikamshukuru.

Nimefukia mchana kutwa. Shemeji alikuja kunisaidia, anapiga mluzi, hakuuliza kitu. Hilo ndilo linalonikera kwake.

Lakini kazi ya sepetu humpa mtu muda wa kufikiri, na kosa langu nimelijua. Ni ile rangi nyekundu. Inavuta macho ya manispaa.

Wiki ijayo naupiga picha mji mzima kutoka juu ya mnara wa saa. Mlinzi wake ni mtu mkarimu, ufunguo anao mfukoni, na kila asubuhi ananisalimu kwa jina. Sioni sababu ya kumsumbua. Nimeshapata ovaroli ya fundi umeme. Inanibana kidogo mabegani, ila nikitembea haraka haionekani.