Nimeoza Bure

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi kanipa daftari hili niandike presha yangu kila siku. Presha ya leo: juu. Kipimo cha nini? Najijua.

Kitindamimba wangu kageuza sebule kuwa kiwanda cha sinema. Hadithi yenyewe: mama anaanza kuoza akiwa hai, kidole kwa kidole, na binti yake anaendelea kumlisha kwa kijiko. Mwishoni binti anamkumbatia vile vile na uvundo wake, anamwambia, "Mama, sikuachi." Kitinda mwenyewe ndiye binti. Nikauliza, na mama ni nani? Kasema shangazi.

Shangazi! Yaani wifi yangu! Mwanamke ambaye hajawahi kumfuta yule mtoto hata kamasi!

Nikamwuliza kwa upole (nilivunja sahani moja tu) mimi nina kasoro gani. Kasema, Mama, wewe umenawiri mno, nani ataamini unaoza? Shangazi mashavu yamekwisha kuingia ndani. Haya. Nimezaa, nimelea, leo naambiwa kosa langu ni afya.

Tangu aanze sinema hata kula hali nami. Nikipita ni "Mama pisha, unaingia kwenye picha." Lile neno la "Mama, sikuachi" nalitaka mimi. Hata kama ni la kuigiza.

Jumatano, 5 Machi
Mpango wa kwanza: kukonda. Asubuhi sikula. Mchana sikula. Saa kumi nimekula vya asubuhi na vya mchana kwa pamoja, kizunguzungu kilizidi. Mashavu yako pale pale.

Wifi kaja kujaribiwa uozo. Kakaa kwenye kiti changu, kile chenye mto. Ngozi iliyooza kumbe ni karatasi za chooni, gundi na rangi za kupambia keki, nyekundu ya damu, kijani ya usaha. Nilipoona jipu la shingoni nimekimbia kutapika. Narudi, Wifi ananiambia, wifi yangu, sanaa inataka moyo, wewe kaa jikoni.

Nyumba yangu! Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu kaja, mimi ndiyo nimeugua.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili. Gundi ya dukani inanuka na mwanangu ana kifua tangu utotoni. Nimesema nitapika gundi ya unga wa ngano, kama tuliyobandikia madaftari kabla sijaacha shule darasa la tano. Kitinda kafurahi, kanikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Nimepata cheo: Fundi wa Uozo.

Sasa, unga mtupu haunati vizuri. Nikaongeza sukari. Halafu nikamfikiria Wifi kwenye kiti changu. Nikaongeza tena. Na tena.

Mungu anisamehe. Nilitaka tu awashwe kidogo, aghairi.

Jumamosi, 8 Machi
Sisimizi! Wamepanda mguu wa kiti mstari mmoja kama wanakwenda kazini. Simu imefungwa kwenye mpini wa ufagio, inapiga picha. Wifi kaegemea kama maiti, sisimizi wanaingia kwenye jipu wanatokea nyuma ya sikio. Mimi nimeshika sufuria, najifanya sioni. Namsubiri apige yowe, atoke mbio, aape.

Hakutikisika! Chozi moja tu likamshuka, likajichorea njia kwenye usaha. Fundi redio, anayetushikia kinasa sauti, akaanza kulia naye, jitu zima. Kitinda kapiga magoti mbele ya shangazi yake, kasema hajapata kuona mwigizaji wa namna hii.

Sukari yangu. Sisimizi wangu. Sifa zake. Mchumia juani hulia kivulini, eti! Nimechuma mimi, kala yeye.

Presha: sijapima, kipimo kitapasuka.

Jumapili, 9 Machi
Uso wa Wifi umevimba kweli. Jicho moja limefunga. Kasema kule harudi ng'o, na aliyepika ile gundi ana lake jambo. Nimekwenda kumkanda kwa maji baridi. Si mnyama mimi. Kaniambia, wifi, mikono yako ina huruma. Nimeumia rohoni. Si sana.

Imebaki picha ya mwisho. Nikamwambia Kitinda, uso ukifunikwa wote, nani atajua ni mashavu ya nani? Kanitazama. Kakubali!

Gundi safari hii bila sukari, nzito kama udongo wa mfinyanzi. Kanipaka kwa mikono yake, paji, mashavu, kidevu, taratibu. Mara ya mwisho kukaa karibu hivyo nilikuwa namsuka nywele za shule. Nikasema ongeza, mwanangu, ongeza, masikioni hapajaoza.

Ikakauka. Ikawa saruji.

Akaja, akanikumbatia. Nikaona midomo yake inakwenda. Nikaona na chozi. Sikusikia kitu! Masikio yote mawili yamezibwa na gundi yangu mwenyewe, nasikia moyo tu, du, du, du. Nikasema "Eti?" lakini na mdomo ulishakauka, ikatoka "mmm". Fundi redio anasema ilikuwa "mmm" ya kuuma moyo.

Waliponilowesha nikabanduka, nimemwomba arudie. Kacheka. Mama, imetoka safi, mara moja inatosha.

Ijumaa, 21 Machi
Sinema imeonyeshwa kwenye shuka langu ukutani. Majirani hadi mlangoni. Nimekaa mbele kabisa, masikio nimeyasafisha mara tatu. Sisimizi wakapigiwa makofi. Kisha mimi! Kitinda ananikumbatia, midomo inafunguka, nikainama mbele...

Ukaingia muziki wa kinanda. Kitinda kaona neno halihitajiki, macho yanatosha.

Jirani nyuma yangu kasema, huyu shangazi mtu anajua kuoza. Mwishoni yakapanda majina. Langu la mwisho kabisa. Gundi: Mama.

Jumatatu, 24 Machi
Sinema ya pili imeandikwa! Bibi anaota ukungu mwili mzima, na mwishoni mjukuu anamwambia, "Bibi, nipo nawe." Mjukuu ni Kitinda. Bibi ni Wifi, uso umeshapona na hasira zimekwisha.

Hapana! Tangu asubuhi nimo jikoni. Ukungu nimeutoa kwenye mkate wa wiki iliyopita, nauchanganya na gundi, na asali kidogo. Vijiko vinne. Safari hii zamu yangu ikifika masikio nitayaacha wazi. Mengine yote vile vile.

Sasa hivi Kitinda kaja mlangoni na sahani mbili. Kasema, Mama, simu nimezima, leo tule wote. Nimemwambia pisha, mwanangu, unanizibia mwanga. Kageuka na sahani zake, kaenda kula mwenyewe sebuleni.

Afadhali. Asali inataka utulivu.