Jibu Ni "Nzuri, Asante"

Dunmore Fork, Nebraska
9 Machi

Kwa Bi. Lorraine Petska,
Mratibu wa Walimu wa Kujitolea

Bibi Mratibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Usijisumbue kunijibu, ni desturi tu. Kwa heshima zote, naomba univue darasa la Kiingereza la Jumanne kwenye chumba cha chini ya kanisa, kwa sababu wageni ulionipa hawafundishiki.

Sikatai kwamba kazi hii siijui. Ulinifunza saa mbili za Jumamosi moja, ukanipa faili jekundu na donati, ukaniita mwalimu. Lakini nilikaa dirishani kwenye ofisi ya leseni za magari miaka thelathini na mmoja, nikiwauliza watu habari zao kutwa, na hakuna aliyewahi kunieleza. Huo ndio ustaarabu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Somo la kwanza kwenye faili ni "Habari yako?" na jibu ni "Nzuri, asante." Nilipomuuliza Bwana Eulalio, mtu mzima kutoka Guatemala anayekata nyama kiwandani, akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Mbaya, mwalimu. Mkono unawaka moto tangu Jumatatu, hata kijiko kinaniponyoka." Darasa zima likaacha vitabu likampa pole. Dakika ishirini zikaenda bure.

2. Bi. Htoo Paw, mkimbizi wa Burma, rika langu, ana kosa baya zaidi: akiuliza habari, anasubiri jibu. Nilimwambia nzuri. Akanikazia macho. "Si kweli, dada. Umevaa viatu viwili tofauti." Sijui viatu vyangu viko ukurasa wa ngapi. Wiki iliyofuata akaniletea mchuzi wa mianzi michanga bila kuombwa. Niliumaliza kwa adabu tu.

3. Basi nikakaza kamba. Wiki tatu tukaimba "Nzuri, asante", na aliyejibu vingine alirudia peke yake mbele ya wenzake. Eulalio akawa hodari kuliko wote.

4. Shukrani ya punda ni mateke. Muuguzi wa kiwandani alimuuliza Eulalio habari yake, naye akajibu kama nilivyomfunza, lafudhi safi kabisa. Muuguzi akaandika hivyo, akamrudisha kwenye kisu. Siku tisa baadaye vidole viwili vikagoma kukunjuka. Sasa kiwanda kinataka kumwachisha kazi bila matibabu, kwa kuwa karatasi yao inasema alikuwa mzima. Na Bi. Htoo Paw ananiambia mimi, mbele ya darasa, "Wewe ndiye uliyemfundisha kusema uongo." Mimi, niliyefuata faili neno kwa neno.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu amezidi kuugua. Naomba unitafutie wageni ambao tayari ni wazima, ikiwezekana kutoka Kanada.

Wasalimie wote ofisini, na mumeo, na yule mpishi wa donati.

Wako mtiifu,
Verna Kolterman

Nyongeza: Jumanne usilete mwalimu mwingine. Alhamisi saa tatu asubuhi nakwenda kiwandani na Eulalio, niwaambie wakubwa wake kwamba jibu lile lilikuwa langu, si lake. Nitabeba faili jekundu kama ushahidi. Bi. Htoo Paw anatusindikiza; tangu nimzike mume wangu Warren mwezi wa Novemba, ni yeye peke yake aliyesubiri nimalize kujibu. Wewe uliniuliza pale pale mazishini, Lorraine. Nikasema nzuri, asante, nawe ukaenda kuchukua kahawa. Siku ukiniuliza tena, vuta kiti kwanza.