Nywele Chini ya Kizingiti

Alhamisi, 27 Februari

Kinyozi hajinyoi. Aliyesema hivyo hakuwa na mpinzani mlango wa pili. Mimi ninaye. Kila Alhamisi, kabla ya wateja, namnyoa, kisha ananinyoa. Ni desturi ya marehemu baba na marehemu baba yake, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Tunanyoana kimya kama watu waliokutana msibani. Mtaa mzima unamwita Mkono Mwepesi. Mimi mtaa hauniiti chochote.

Leo mwenye nyumba kapita. Kasema vinyozi wawili ukuta mmoja ni kichekesho. Anataka kuutoboa ukuta apate duka moja kubwa, la kinyozi mmoja. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kutazama mabenchi. Mwenye benchi lililojaa atabaki, mwingine afungashe. Nikageuka kulitazama langu. Paka alikuwa amelala juu yake.

Kiti cha baba kimo humu tangu sijazaliwa. Upande mmoja umebonyea pale alipozoea kuegemea. Sitoki.

Nywele za Mkono Mwepesi sikuzitupa. Nimezitia kwenye kiberiti.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekwenda kwa shangazi, dada yake baba. Familia nzima inajua kwamba ana maneno fulani, na familia nzima hujifanya haijui. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kuchambua, kisha akauliza huyo mtu amenikosea nini. Nikafikiri. Nikasema ana wateja. Shangazi akasema hilo si kosa, hiyo ni riziki.

Nikamhakikishia kwamba sitaki afe wala augue. Mkono tu. Utetemeke kidogo, mpaka Jumamosi ile. Nikamwuliza pia kama kuroga mkono mmoja ni dhambi sawa na kuroga mtu mzima. Akasema dawa ni moto: kuuwasha utauwasha, kuuambia uishie wapi huwezi. Tena dawa haijui jina la mtu, inajua nywele tu.

Mwisho akanipa, kwa kuwa alisema bora nifundishwe naye kuliko nikaliwe na matapeli. Maneno manne, mdomo sikioni. Vinyweleo vilinisimama. Nimerudi nyumbani nimefunga mdomo, nikiogopa yasinitoke njiani yakampata mtu asiyehusika.

Jumamosi, 1 Machi

Masharti: adhuhuri, kivuli kikiwa chini ya miguu. Nywele zifungwe kwa uzi mwekundu, zifukiwe chini ya kizingiti chake mwenyewe. Bahati, kizingiti cha Mkono Mwepesi kina ufa na tofali moja linacheza. Nikasubiri aende kula. Nikapiga magoti, nikafukia, nikatamka. Neno la tatu lilitoka na kikohozi. Sijui kama kikohozi kinahesabika.

Mara nikasikia salamu juu ya kichwa changu. Mkewe, mja mzito, anamtafuta mumewe. Akauliza natafuta nini. Nikasema kifungo. Mama wa watu akainama na tumbo lake lile kunisaidia. Tulikitafuta kifungo ambacho hakipo mpaka aibu ikanishinda, nikang'oa kimoja cha shati langu nikasema hiki hapa. Alifurahi kuliko mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kasema mke wa jirani alijifungua jana. Mapacha, na wanalia kwa zamu. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa dirishani.

Mkono Mwepesi aliangusha kitana. Akakiokota, kikaanguka tena. Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Nikakaa chini. Maneno manne! Midomo hii hii inayopuliza chai. Yamepita chini ya kizingiti, yamepanda mwilini mwa mtu, yameukuta mkono hasa nilioutaja, na wa kushoto hayakuugusa. Sikujua kwamba dunia ina mlango wa namna hiyo, na kwamba mimi, ninayesahau hata ufunguo wa duka, naweza kuufungua. Nimeogopa, na nimefurahi, na nimeogopa kwa sababu nimefurahi. Leo sikumnyoa mtu. Hakuja mtu, lakini hata angekuja nisingeweza.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anasema mkono wa jirani unatetemeka kwa sababu halali usiku na anakunywa kahawa birika zima. Nikamweleza kwa upole, bila kutoa siri, kwamba mambo makubwa hupitia njia ndogo. Ni wazi kabisa: dawa imepitia kwa mapacha. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Wateja wake wawili wamehamia kwangu. Nimewanyoa kwa unyenyekevu. Jioni nilimwona amekaa mlangoni, mkono ameukalia ili utulie. Nilitaka kumwonea huruma. Nikaahirisha mpaka Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Kesho ni Alhamisi.

Nimeamka na wazo hilo limenikalia kifuani. Kesho ni Alhamisi, na mkono nilioutetemesha mimi utashika wembe, na wembe utapita shingoni mwangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimechimba kwa bidii.

Nikikataa atauliza kwa nini. Baba hakuwahi kukosa Alhamisi hata moja. Nikajaribu kujinyoa mwenyewe ili kesho niseme nimeshanyolewa. Wahenga hawakukosea, alama iko sikioni.

Nikakimbia kwa shangazi. Hakushangaa. Akasema nikazifukue nywele nizitupe kwenye maji yanayotembea, mambo yataisha. Nikarudi mbio na bisibisi mfukoni. Mlangoni kwa Mkono Mwepesi nikamkuta fundi uashi amepiga magoti, analainisha saruji. Mwenye nyumba kamtuma azibe nyufa zote kabla ya Jumamosi. Akaniambia kwa fahari kwamba kizingiti hicho hata wajukuu zangu hawatakifukua. Nikamwambia kazi nzuri. Nilikuwa karibu kulia.

Alhamisi, 6 Machi

Niko hai.

Nilimnyoa yeye kwanza, polepole mno, nikitafuta sababu za kutomaliza. Kichwa kikaisha. Nikakaa. Akanifunga kitambaa. Kwenye kioo niliiona mashine ikija inaruka kama panzi. Ndipo akaniomba radhi kabla hajaanza. Kasema siku hizi mkono haumtii, na nikitaka niende kwa mwingine hatakasirika. Ila mtaa huu, kasema, kichwa kinachoweza kumsamehe ni hiki changu tu, kwa jinsi baba zetu walivyokuwa. Kumbe mtu huyu miaka yote hii ananiona ndugu.

Mashine ilipita. Kutoka juu ya sikio mpaka kisogoni kuna mstari uliopinda, ukapinduka, ukapinda tena. Wembe wa shingoni aliushika kwa mikono miwili, amebana pumzi. Hakunikata hata kidogo. Sijapata kustaajabu hivyo. Mkono niliouroga mwenyewe umenihurumia.

Mke wangu aliponiona alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi

Kipa wa timu ya mtaa kanisimamisha barabarani. Akakizunguka kichwa changu kama mtu anayechagua mbuzi. Akauliza nani kanichora radi. Nikaona nafasi imejileta yenyewe. Nikalitaja jina la Mkono Mwepesi kwa sauti, watu wote wasikie, aaibike kabla ya Jumamosi. Kipa akanishukuru. Akaenda moja kwa moja kwake.

Mchana timu nzima ilikuwa kwenye benchi lake, na wachezaji wa akiba wamesimama nje. Mmoja mwenye haraka alikuja kwangu. Nikamchora radi. Mkono wangu mtulivu ukatoa mstari ulionyooka kabisa. Akajitazama kwenye kioo, akasema hii si radi, hii ni kamba ya kuanikia nguo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye nyumba hakufika hata mlangoni kwangu. Foleni ya Mkono Mwepesi ilimzuia. Aliniambia hapo hapo barabarani, juu ya vichwa vya watu, kwamba nifungashe.

Nilikaa kwenye kiti cha baba nikaweka kiwiko pale palipobonyea. Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kisha Mkono Mwepesi akaingia. Hakusema pole. Alishika kiti upande mmoja, akaniambia nishike wa pili. Kasema kwake pana nafasi karibu na dirisha, duka likitobolewa litahitaji vinyozi wawili, na kichwa kilichowaleta vijana wote wale ni changu. Tukakibeba. Mkono wake haukutetemeka, mapacha wameanza kulala. Penye kizingiti mimi niliruka.

Nimekwenda kumsimulia shangazi. Nimemroga mtu, naye kapata benchi, duka na sifa, kisha kanipa nafasi dirishani. Nikauliza hii inaitwaje. Akasema inaitwa onyo, na hatarudia kuniambia. Nikamwahidi kwamba sitamgusa tena binadamu mwenzangu.

Alhamisi, 13 Machi

Tumenyoana, kama kawaida, yeye kwanza. Nikiwa chini ya kitambaa nikapata mwanga. Kosa halikuwa la dawa. Dawa ni kubwa kuliko sisi sote! Kosa ni kwamba mtetemeko ule, wenye baraka zote zile, nilimpa mtu mwingine badala ya kujipa mwenyewe. Vijana bado wanataka radi, na mimi bado nachora kamba za nguo. Na shangazi nilimwahidi kuhusu binadamu wenzangu. Kuhusu mimi mwenyewe sikuahidi kitu.

Nikachukua fagio. Nywele zake na zangu zilikuwa rundo moja sakafuni, nyeusi kwa nyeusi. Nikajaribu kuzichambua, wateja wakaanza kuingia. Nimezoa zote. Dawa ina akili, itazijua zangu.

Ukuta umeshatobolewa, na fundi uashi alikuwa amemwaga kizingiti kipya katikati, saruji bado mbichi. Adhuhuri akaenda kula. Nikapiga magoti, nikachomeka kifurushi, na nilikuwa nimefika neno la tatu Mkono Mwepesi alipotokea kuniuliza natafuta nini. Nikamwambia kifungo.

Akapiga magoti kunisaidia.