Mrija wa Mkurugenzi

Ketini kitako, enyi wapenda habari nzito, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana tunavitaja vita vilivyokaribia kuufuta ukoo mzima wa pamba! Shujaa ni Bibi Kibano, mtafiti wa mbegu, mwenye macho makali na subira haba, aliyeapa kuuozesha mpamba wenye nyuzi ndefu lakini mvivu wa kuzaa kwa mpamba unaozaa kama sungura, ila nyuzi zake fupi kama shukrani za ofisini. Ukame ulikuwa umebakiza mpamba mmoja tu wa nyuzi ndefu, wenye tumba moja. Naye Mkurugenzi, bwana wa kiti kizungukacho, alishatangaza kwamba msimu ukiisha bila tunda, shamba litakuwa maegesho ya magari.

Alasiri ile Bibi Kibano akapiga magoti, akalipasua tumba, akanyofoa sehemu zote za kiume ili ua lisijioe lenyewe. Kilibaki kijiti cha kike, cha kuvishwa kipande cha mrija mpaka chavua ya bwana harusi ifike asubuhi. Akapapasa mfukoni. Lahaula! Mirija imekwisha, na mhasibu alikataa kununua mingine, eti utafiti si sherehe. Na nyuki huyo anakuja, amejipaka chavua za kila mhuni wa bondeni!

"Mlinzi! Mfunike bibi harusi kwa kofia yako, na usibanduke!"

Akaingia mkutanoni bila hodi, matope magotini. Mkurugenzi alikuwa akinyonya soda huku akihubiri kubana matumizi.

"Ewe mkuu wa wakuu! Watu huvaa nguo, nguo ni nyuzi, na nyuzi zote leo zinaning'inia kwenye hicho kilichomo kinywani mwako!"

"Dada, una homa?"

"Nina ua. Naomba mrija."

Mkurugenzi akautoa polepole, kama anayeng'olewa jino. "Haya, chukua. Lakini hilo tunda nilione kwa macho yangu."

Kufika shambani, nyuki watatu wakaufuata mrija wenyewe. Sukari! "Mjinga mimi!" akafoka, akausuuza kwa maji ya kunywa ya mlinzi, ambaye alilalamika sana, wala historia haikumsikiliza. Kisha akaukata, akakivika kijiti, na asubuhi ndoa ikafungwa.

Wiki kadhaa baadaye Mkurugenzi akainama mbele ya tunda la ukubwa wa kidole gumba.

"Hili tu?"

"Hili tu, mzee."

Mkurugenzi akanyoosha mgongo. "Magari yatafute pengine."

Bibi Kibano akalia kwa furaha bila haya. Basi na iandikwe: siku hiyo himaya ya magari ilirudi nyuma mbele ya tunda moja bichi, na mshindi akaenda kumnunulia mlinzi maji.