Theluji Iliyopitishwa na Kamati

Jumatatu ya wiki ya pili ya Julai, saa moja na robo asubuhi, Mheshimiwa Januari Mgalula, Mwenyekiti wa Umoja wa Waswahili wa Sydney Magharibi, aliutangazia ulimwengu kwamba theluji itaanguka Seven Hills. Ulimwengu, siku hiyo, ulikuwa kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na kumi na wawili. Tangazo lilikuwa la sauti, dakika saba na nusu, na dakika mbili za kwanza zilikuwa za itifaki.

“Itaanza mvua ya kuganda,” alisema, baada ya kukohoa kikohozi cha ngazi yake. “Itafuata theluji. Itafuata baridi kali ya kupasua mawe. Ni Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, juu ya paa la ukumbi wetu. Mkutano Mkuu wa Mwaka upo palepale, kama katiba inavyotaka, lakini anayeipenda afya yake abaki nyumbani. Uongozi utajitoa mhanga na kufika.”

Mtu asidhani Mwenyekiti alikurupuka. Hali ya hewa ilikuwa chini ya ofisi yake kwa miaka mitatu, tangu Mama Goreth aliposimama kikaoni na kusema ukumbini kuna baridi. Ilikuwa kauli nzito. Ukumbi una hita moja, na hita hiyo hukaa miguuni pa Mwenyekiti, kwa sababu miguu ya kiongozi ikipata ganzi, jamii nzima huchechemea. Badala ya kuisogeza, jambo ambalo lingekuwa la pupa, Mwenyekiti aliunda Kamati ya Utabiri. Ikaazimiwa kwamba baridi yoyote isiyotabiriwa na Kamati si baridi rasmi, na anayetetemeka anatetemeka kwa hiari yake.

Kamati ilifanya kazi kwa umakini. Ilikutana mwisho wa mwezi, ikapitia mwezi uliokwisha, kisha ikatoa utabiri wake. Utabiri wa Julai ulitoka Agosti, ukiwa umehakikiwa siku kwa siku. Idara ya serikali, pamoja na satelaiti zake, hukosea mara mojamoja. Kamati haikuwa imekosea hata mara moja.

Kwa nini basi, safari hii, ikatabiri wiki ambayo haijafika? Hapo ndipo penye kidonda.

Katiba inasema Mkutano Mkuu ukipata wanachama sitini, uchaguzi unafanyika. Wakipungua sitini, uongozi uliopo unaendelea, kwa masikitiko. Mwenyekiti alikuwa amesikitika hivyo miaka tisa mfululizo. Mkutano huwekwa Jumamosi asubuhi katikati ya Julai, saa ambayo nusu ya wanachama wanatoka zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee, na nusu nyingine wanaikumbuka baridi ya ukumbi ule na kujifunika upya. Mwaka uliopita walifika arobaini na mmoja, na wanne kati yao walidhani ni harusi.

Lakini mwaka huu Mama Goreth, ambaye huko Penrith kazi yake ni kuogesha wazee wakorofi na kwa hiyo haogopi mtu, alipita nyumba kwa nyumba na daftari, kutoka Penrith hadi Ingleburn. Habari hizo zililetwa Jumapili baada ya misa na Katibu Gratien, Mrundi mpole asiyeweza kuficha kitu usoni.

“Sitini na watatu, Mheshimiwa.”

“Wamesema watakuja, au wamesema Mungu akipenda?”

“Wameandika majina.”

Mtu wetu akisema atakuja, anakusalimu tu. Akiandika jina, ametangaza vita.

“Gratien, baridi ya namna gani humfanya mtu mzima asitoke kitandani?”

“Mie hata hii ya leo inanitosha.”

“Sema kitaalamu.”

“Theluji?”

“Ongeza.”

“Theluji na… mvua inayoganda?”

“Ongeza kidogo, usiogope.”

Hivyo ndivyo sayansi ilivyopatikana. Kamati nzima ilikuwepo, kwa kuwa Kamati nzima ilikuwa ni wao wawili.

“Ila Mheshimiwa,” Gratien alisema, akiitazama simu yake kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, “hapa wanaandika Jumamosi ni jua. Nyuzi kumi na saba. Na Seven Hills theluji haijawahi…”

“Hao wanatabiri kwa satelaiti. Sisi tunatabiri kwa azimio. Kati yetu na satelaiti, nani alichaguliwa?”

Gratien alihesabu miaka kwa vidole, akaona ni heri aache.

Siku nne zilipita kwa utulivu. Kundini, Mama Goreth aliandika maneno manne tu: “Asante kwa taarifa, Mwenyekiti.” Wengine waliuliza theluji itakuwa nene kiasi gani, na kama itaanza saa nne kweli au saa nne yetu. Mwenyekiti aliwajibu kwa subira: nene sana, saa nne kweli. Ijumaa alilala usingizi mnono.

Jumamosi saa tatu na nusu alifika ukumbini amevaa makoti mawili, mkononi ameshika beleshi, ili hata picha ionyeshe kiongozi aliyejiandaa. Hakupata pa kuegesha gari. Alidhani kuna msiba. Aliegesha mtaa wa tatu, akarudi kwa miguu chini ya anga la buluu lisilo na wingu hata la kuazima.

Walikuwa wamejaa uwanja mzima. Watoto walivaa glavu, na waliokosa glavu walivaa soksi mikononi. Bibi mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mablanketi kama mandazi ya safari. Chupa za chai zilikuwa zimepangwa ukutani. Katembo, Mkongo mrefu anayeendesha lori, alisimama mbele kabisa na karoti tatu.

“Prezida!” aliita kwa furaha. “Hii ni ya pua. Watoto wanataka kutengeneza mtu wa theluji, nikasema bora tulete pua tatu, maana umesema ni nene.”

“Nilisema mbaki nyumbani,” Mwenyekiti alisema.

“Ee, tulisikia. Lakini Prezida, wewe mwenyewe ni mzazi. Mwambie mtoto theluji iko Seven Hills, halafu mwambie akae ndani. Mimi nimezaliwa Uvira, nimekaa kambini Kigoma miaka kumi na moja, vumbi nimekula la kunitosha. Theluji ya huku iko milimani, saa sita kwa gari. Leo unatuletea mpaka kwenye paa, na saa umetaja! Nani atalala?”

Binti mdogo aitwaye Belyse alimvuta Mwenyekiti koti la nje, akamuuliza kwa Kiingereza kama theluji imechelewa, au imefutwa kama treni.

“Iko njiani,” alijibu Mwenyekiti, maana kiongozi hakatishi watoto tamaa.

Saa nne kamili watu wote walitazama paa. Simu zilinyanyuliwa. Saa nne na dakika tano alitua njiwa. Baadhi walipiga makofi, kisha wakaacha.

Ndipo Mama Goreth akajitokeza na daftari lake, kofia ya sufu kichwani, akatabasamu kama mtu anayekuja kumwogesha mzee mkorofi.

“Mwenyekiti, wakati tunaisubiri theluji yako, si tuingie ndani tuhesabiane?”

“Mkutano hauwezi kufanyika katika hali hii ya hewa!”

“Hali gani, kaka?”

Jua lilikuwa limemkaa Mwenyekiti puani. Alitazama juu, akatazama beleshi.

“Hali… inayotarajiwa,” alisema.

“Basi tuitarajie tukiwa tumekaa.”

Wanachama halali walikuwa mia moja na kumi na wawili. Gratien alihesabu mara tatu. “Akidi imetimia,” alisoma, “kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule mkutano ulipokuwa na pilau.” Hakuna aliyeondoka. Wangeondokaje, na theluji bado haijaanza? Kura zilikuwa za kunyoosha mikono, na kwa kuwa mingi ilikuwa na glavu za rangi, kuhesabu hakukuwa na utata. Mama Goreth alipata mia moja na kumi. Mheshimiwa alipata wake mwenyewe, na mkono wa Gratien, ulionyanyuka nusu kama wa mtu anayejikuna sikio.

Mama Goreth hakukikalia kile kiti kikubwa. Aliishika hita, akaigeuza, ikamwangalia bibi wa mablanketi. Bibi akafungua blanketi moja. Kisha la pili.

“Viongozi wastaafu,” Mama Goreth akasema kwa heshima zote, “kuna viti safu ya nyuma.”

Safu ya nyuma iko karibu na mlango, na mlango ule haujafunga vizuri tangu Mheshimiwa Januari aahidi kuushughulikia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Jua la nje halifiki pale. Upepo tu ndio unaofika, na ulipofika ulimwingia kwenye suruali bila kubisha hodi. Alifunga koti la kwanza, kisha la pili. Alitazama waliokaa kulia kwake na kushoto, akashangaa: walikuwa wamekuja na mablanketi yao, yenye mikunjo ya miaka mingi. Vidole vyake vya miguu vikaanza kumuaga, kimoja kimoja.

Akanyoosha mkono.

“Mama Mwenyekiti, hoja ya dharura. Huku kuna baridi.”

Mama Goreth akapekua daftari mpaka ukurasa wa zamani.

“Pole sana, kaka Januari. Kamati ya Utabiri itakaa mwisho wa mwezi. Ikithibitisha, utapata barua.”

Kicheko kilichofuata kilimwamsha njiwa juu ya paa. Katembo, ambaye ana huruma, aligawa blanketi lake nusu kwa nusu na Mheshimiwa, akampa na karoti moja atafune.

Gratien, ambaye bado alikuwa Katibu na hajui kuandika uongo, aliinama juu ya muhtasari wake na kujaza sehemu ya hali ya hewa. Mvua ya kuganda: bado. Theluji: bado. Baridi kali: imethibitishwa, shahidi mmoja.